Mgonjwa wa 21 asifutwe

Nikifundisha uchambuzi wa muda wa kuishi, yaani takwimu za muda unaopita mpaka tukio fulani litokee, narudi kwenye data ileile: wagonjwa 38 wa figo waliosafishwa damu kwa mashine za kubebeka, iliyochapishwa na McGilchrist na Aisbett mwaka 1991. Mgonjwa amewekwa mpira mwembamba mwilini (katheta), siku zikahesabiwa mpaka pale ulipoingilia pakapata maambukizi. Akatibiwa, akawekewa mwingine, hesabu ikaanza upya.

Vipindi viwili vya mtu mmoja si watu wawili. Mwili ni uleule, na mambo ambayo hakuna aliyeyaandika ni yaleyale. Hayo ndiyo Vaupel na wenzake waliyoyaita udhaifu mwaka 1979: kila mtu ana namba yake, inayozidishwa na hatari yake ya kupatwa na tukio, hapa maambukizi.

Sasa mtazame mgonjwa wa 21. Mwanamume wa miaka 46, figo zimejaa vifuko vya maji. Alikaa siku 152 katika kipindi kimoja na siku 562 katika kingine, ilhali wengi wa wanaume wenzake tisa waliambukizwa ndani ya wiki chache tu. Mtoe huyu mmoja, na ukadiriaji wa kawaida utakuambia mtawanyiko wa udhaifu ni kama sifuri, yaani wagonjwa wote wako sawa. Mimi siamini kwamba wako sawa. Naamini watu 38 ni wachache mno kutupa jibu la uhakika, na ndiyo maana naipenda njia ya Bayes, inayoanza na imani ya awali kisha kuirekebisha kwa data: haitoi namba moja, inaonyesha upana wote wa majibu yanayowezekana.

Lakini njia hii inadai uaminifu. Miaka mingi watu walinakili kutoka mifano ya BUGS, programu ya kompyuta ya uchambuzi wa Bayes, ile gama ya 0.001 na 0.001 kama imani tangulizi, yaani imani kuhusu mtawanyiko kabla ya kuona data, wakidhani haina upande. Mwaka 2006 Gelman alionyesha kwamba mtawanyiko unapokuwa karibu na sifuri, imani tangulizi ya aina hiyo inayavuta majibu vibaya.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua imani tangulizi, piga hesabu kwanza. Chukua logi ya udhaifu, uipe mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi watu wanavyotofautiana) wa 1: aliye juu kwa mikengeuko miwili ana hatari mara 7 hivi ya mtu wa kati. Hilo linaingia akilini. Weka 5, inakuwa mara 22,000. Mwulize muuguzi yeyote anayebadilisha mipira hiyo kama amewahi kumwona mgonjwa wa namna hiyo. Kisha fanya uchambuzi ukiwa na mgonjwa wa 21 na bila yeye, uchapishe majibu yote mawili pamoja na imani uliyoanza nayo.