Bando la Njiwa, Lindi hadi Mtwara

Aprili 1, 1990, Siku ya Wajinga, Mmarekani David Waitzman alitoa waraka wa kitaalamu, umenyooka kabisa, kuhusu kupitisha intaneti kwa njiwa. Pakiti ya data, yaani kipande kidogo cha ujumbe, inachapwa kwenye kikaratasi, kinaviringishwa mguuni, ndege anaachiwa. Ukubwa wa pakiti? Miligramu 256. Watu wakacheka. Mwaka 2001 wapenzi wa Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, mjini Bergen, Norwei, wakaujaribu kweli: pakiti tisa zikaenda, yakarudi majibu manne, na lililowahi lilichukua kama dakika 53.

Ungedhani mzaha umefia hapo. Lakini mwaka 2009, Afrika Kusini, njiwa aitwaye Winston alibeba GB 4 za data kwenye kadi ya kumbukumbu kutoka Howick hadi karibu na Durban. Hadi data zinaingia kwenye kompyuta, saa mbili na dakika kadhaa zilikuwa zimepita. Laini ya ADSL, intaneti ya waya wa simu, iliyoshindana naye ilikuwa imehamisha asilimia 4 tu ya data hizo.

Nikapiga hesabu za kwetu. Lindi hadi Mtwara, kwa njia ya angani, ni kama kilomita 60. Njiwa mzuri saa moja inamtosha. Mfunge kadi ya GB 128, ile ya ukubwa wa kucha. Kwa intaneti ya megabiti 5 kwa sekunde, mzigo huo ni zaidi ya siku mbili, na bando limekwisha. Mpiga picha za harusi atanielewa.

Tatizo, njiwa hatumwi. Anajua kurudi kwao tu. Wa Mtwara apelekwe kwanza Lindi kwa basi, ndani ya tenga. Sasa basi hilohilo likigeuza, si umpe kondakta hiyo kadi? Kondakta haliwi na mwewe.

Na kwa jambo la kujibizana, njiwa hafai kabisa. Wanunuzi wanaposhindania bei ya korosho mtandaoni, dakika 53 ni mnada umeshafungwa.

Ila siwezi kumfukuza moja kwa moja. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipita, barabara ya kutoka Dar es Salaam ikakatika Somanga. Siku chache baadaye nyaya za baharini nazo zikakatika, intaneti ikazorota nchi nzima. Kwanza likakwama basi, kisha bando.

Kuna kijana jirani yangu hapa Ligula, Mtwara, anafuga njiwa. Nilimweleza mpango wote huu, akanisikiliza hadi mwisho.

“Sawa, mzee wangu. Mtama utanunua wewe?”