Upinde wa Mvua na Jicho la Anayeutazama

Hapa Dar es Salaam neno "upinde" limekwisha kuacha kuwa la mvua peke yake; rangi zake sasa ni alama ya wapenzi wa jinsia moja pia. Wako wazazi ambao siku hizi, wakinunua begi la shule Kariakoo, huhesabu rangi kabla ya kuuliza bei. Wanaozishuku rangi hizo husema kwamba ni alama ya kigeni, tena kwamba huwafikia watoto kwa hila. Hoja ya kwanza ina uzito. Bendera ya upinde ilibuniwa na msanii wa Marekani, Gilbert Baker, na wenzake, ikapeperushwa mara ya kwanza San Francisco tarehe 25 Juni 1978. Na pale balozi za Marekani zilipoipandisha ughaibuni, si ajabu mwananchi ambaye sheria za nchi yake zinayahesabu matendo ya mapenzi ya jinsia moja kuwa jinai akaiona kama bendera ya dola nyingine.

Hata hivyo, hoja hiyo hairudi nyuma kuuliza alama hizi zilizaliwa kwa haja gani. Kabla ya upinde kulikuwa na pembetatu ya waridi, nayo haikubuniwa na walioivaa. Wanazi waliishona kwenye nguo za wanaume waliofungwa katika kambi za mateso kwa kupenda wanaume wenzao, watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 5,000 na 15,000, ili kila mlinzi awatambue. Vita vikaisha mwaka 1945, lakini sheria iliyowatia hatiani ikabaki, na Ujerumani Magharibi haikuilegeza hadi 1969. Katika miaka ya 1970 wanaharakati waliichukua alama hiyo ya fedheha wakaivaa kwa hiari yao; Baker naye alitaka alama nzuri isiyotoka mkononi mwa mtesi. Ni vigumu kuiita chambo cha watoto alama yenye asili ya namna hiyo.

Hofu ya mzazi kwa mwanawe ni halali, ila rangi hazimpi ushahidi anaoutafuta. Bendera ya Baker ilikuwa na rangi nane. Ya waridi iliondolewa kwa sababu kitambaa chake kilikuwa adimu, na mwaka uliofuata zikabaki sita. Anayehesabu mistari ya begi akitafuta siri, basi, anasoma uhaba wa kitambaa. Upinde huohuo uko katika Mwanzo 9 kama agano la Mungu na Nuhu, na vyama vya ushirika duniani viliutumia katika bendera yao tangu miaka ya 1920 hadi mwaka 2001.

Gharama ya shuku hii ndiyo inayonisumbua zaidi. Oktoba 2018 aliyekuwa Mkuu wa Mkoa huu, Paul Makonda, aliwataka wananchi wawasilishe majina ya wanaoshukiwa kuwa wapenzi wa jinsia moja; siku chache baadaye Serikali ilisema huo ulikuwa msimamo wake binafsi. Lakini mwananchi wa kawaida akiombwa majina, atatumia ushahidi gani isipokuwa hereni, mwendo na nguo? Mwenye sababu ya kujificha hajitangazi kwa mwavuli wa rangi za upinde, kwa hiyo anayenaswa na ishara mara nyingi ni yule asiyejua kwamba amevaa ishara. Sisi tuliozoea kusoma jina la kanga la jirani tungepaswa kulijua hilo mapema: kanga ina maneno, na bado watu wawili huisoma tofauti. Kikuku hakina hata neno moja. Kilikuwa pambo tu, na leo binti akikivaa mjini huulizwa kwanza amekivaa mguu gani.