Cryptic Command Nne na Ubishi Wangu

Deki yangu ya nyeupe na buluu ya Magic: The Gathering, ule mchezo wa karata, ilikaa kisandukuni tangu 2018. (Najua, neno deki kwa wengi wetu linakumbusha ndoo na tambara. Sisi wacheza karata tumeliazima na hatuna mpango wa kulirudisha.) Mwaka ule ilikuwa deki ya kutambia. Karata ya Jace, the Mind Sculptor alifunguliwa Februari, baada ya kukaa kifungoni (kupigwa marufuku) tangu Modern, moja ya mitindo rasmi ya mchezo huu, ilipoanza 2011, na mwezi Aprili akaingia Teferi, Hero of Dominaria. Ongeza Cryptic Command, Path to Exile, Snapcaster Mage, Supreme Verdict na Celestial Colonnade, na yeyote aliyecheza Magic: The Gathering wakati huo angeweza kukutajia deki nzima akiwa amefumba macho.

Nilipoitoa, nilijipa sharti moja: nicheze kwanza michezo kumi bila kubadili hata karata moja. Nilipoteza minane.

Mchezo ulionifundisha zaidi ulikuwa wa tatu. Mpinzani anaanza yeye, anaweka ardhi moja (karata inayozaa mana, yaani nguvu ya kulipia karata nyingine) na Ragavan, Nimble Pilferer. Kwa mana moja tu amepata tumbili ambaye kila akikugonga anamletea bwana wake hazina ya mana, pamoja na ruhusa ya kuicheza karata ya juu kwenye kitita chako. Mimi mkononi nina Cryptic Command mbili, Supreme Verdict moja na ardhi nne. Mwaka 2018 mkono kama huo ningeupokea kwa tabasamu. Sasa nilikaa nikimtazama tumbili akinigonga mara tatu kabla sijafikisha ardhi ya nne, kisha nikatumia zamu nzima na mana nne kumuua yeye peke yake. Lile fagio langu kubwa, Supreme Verdict, lilifagia chumba chenye unyoya mmoja. Mpinzani akavuta karata, akacheza vitu viwili kwa mpigo, na mimi nikaanza kutafuta namna ya kukubali kushindwa kwa heshima.

Watu husema deki za zamani za udhibiti, zile zinazozuia kwanza kila anachocheza mpinzani, zilikufa kwa sababu karata mpya zina nguvu kupita kiasi. Sikubaliani. Supreme Verdict bado inaua kila kiumbe mezani na bado haizimiki, yaani mpinzani hawezi kuifuta kabla haijafanya kazi. Cryptic Command bado inafanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Kilichoharibika ni bei. Vitisho vimeshuka hadi mana moja au mbili, wakati majibu yangu yamebaki kwenye nne, na deki inayolipa nne kujibu moja inaishi kwa deni kuanzia zamu ya kwanza. Kwa hiyo ninaposikia mtu anafufua deki yake kwa kuuliza "niongeze karata gani mpya?", naona ameshaanza vibaya. Kazi ya kwanza ni kutoa.

Nilizipanga karata zangu 35 zisizo ardhi mezani, safu kwa safu, kwa kufuata gharama. Safu ya mana nne na kuendelea ilikuwa na 11: Cryptic Command nne, Supreme Verdict mbili, Jace wawili, Teferi watatu. Karibu theluthi moja ya karata hizo ilikuwa imelala usingizi wakati mpinzani anacheza mchezo wake. Nikajiwekea kikomo cha sita. Ndipo ubishi ulipoanza, ubishi wa mimi na nafsi yangu.

Deki ya mwenzako huwa rahisi kuitibu. Unaipitia dakika mbili na kumwambia toa hii, toa ile, hii ni garasa. Ikija yako, mganga hajigangi. Cryptic Command kwangu ndiyo iliyokuwa karata dume, ile ninayoikumbuka kwa kila mchezo niliowahi kuupindua: kulaza viumbe vyote vya mpinzani (visiweze kushambulia wala kuzuia) na kuvuta karata mwisho wa mbio, au kuzima pigo lake la mwisho huku ukirudisha ardhi yake mkononi. Ni kweli ilifanya hayo. Ni kweli pia kwamba inadai mana tatu za buluu na moja ya ziada, na kwamba kila nilipoikalia nikiisubiri, nilikuwa nimeacha kitu kingine kipite bure. Nilitoa moja. Baada ya siku mbili nikatoa ya pili. Ya tatu ilitoka kwa hasira baada ya kushindwa vibaya, na hasira huwa mshauri mzuri kwenye mambo haya kuliko mapenzi.

Jace alitoka bila maombolezo. Orcish Bowmasters, waliokuja 2023, humchoma kidogo mpinzani kwa kila karata anayovuta nje ya ile ya kawaida ya zamu yake, na kila mara jeshi lao linaongezeka. Jace anavuta tatu kwa mpigo. Hesabu mwenyewe: mishale mitatu, na jeshi lililonenepa mara tatu. Kuna siku niliuawa na uvutaji wangu mwenyewe. Hao hao Bowmasters wanapoingia tu mezani wanamuua Snapcaster Mage, ambaye ana uhai wa pointi moja, kwa hiyo naye nikamtazama kwa jicho la pili.

Upande wa kuingiza, mengine hayahitaji maelezo marefu. Mana Leak ilitoka, Counterspell ikaingia, zote za kuzima karata ya mpinzani. Tangu 2021 inaruhusiwa Modern, inagharimu mana mbili zilezile, na haimpi mpinzani nafasi ya kulipa tatu na kuendelea na shughuli zake. Preordain, iliyoachiwa huru Agosti 2023, ikachukua nafasi ya Serum Visions, zote za mana moja za kutafuta karata nzuri. Hapo hapana mjadala.

Mjadala uko kwenye karata za bure. Force of Negation inaweza kuchezwa bila mana zamu ya mwenzako ukiondoa mchezoni karata nyingine ya buluu iliyo mkononi, nayo huzima chochote kisicho kiumbe. Solitude hufanya hivyo kwa karata nyeupe, zamu yoyote, na kumfukuza kiumbe mmoja. Sisi tuliolelewa kwenye udhibiti tunazitazama karata hizi kama wizi unaofanyika nyumbani kwetu. Tangu katikati ya miaka ya 1990, Brian Weissman alipoijenga ile deki iliyoitwa The Deck, imani yetu imekuwa moja: karata moja yangu ilipie mbili zako, na mwisho wa mchezo mimi nibaki na mkono uliojaa na wewe ubaki unaomba mvua. Solitude ya bure inageuza imani hiyo kichwa chini. Natoa mbili, namwondoa mmoja, halafu nakuongezea uhai kulingana na nguvu ya kiumbe wako.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba hapa sinunui karata, nanunua zamu. Nikifika zamu ya tano nikiwa hai, Teferi atanirudishia zile karata zote na riba, kwa sababu kila zamu anavuta moja na kuamsha ardhi mbili. Nisipofika, mkono wangu uliojaa utakuwa pambo la kuzikwa nalo.

Ila kuna mtego ambao wengi hawauoni. Deki yangu ya 2018 ilikuwa ya buluu iliyokaribisha wageni weupe wachache. Ukiichomeka Solitude ndani ya deki ya namna hiyo, mara nyingi utaishika bila kuwa na nyeupe ya pili ya kuilipia, na ardhi hazihesabiki kuwa na rangi. Nilipiga hesabu. Ukianza mchezo na Solitude moja mkononi na deki ina karata nyingine saba tu nyeupe, uwezekano wa kuwa na angalau moja kati ya zile sita zilizobaki ni kama asilimia 55. Zikiwa 13, unapanda hadi 79. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama Solitude ni jibu au ni kiumbe wa mana tano anayekusindikiza kaburini. Hii ndiyo sababu Teferi, Time Raveler (Teferi mwingine, wa mana tatu), ambaye ni mweupe na wa buluu kwa pamoja, ana thamani kuliko maandishi yake: analipia pande zote mbili. Kumbe karata mpya haiingii peke yake. Inakuja na madai yake, na deki nzima inasogea kuipisha.

Fagio nalo lilibadilika. Wrath of the Skies ya 2024 hukuruhusu kuchagua bei: mana tatu zinatosha kufuta viumbe, vifaa (artifact) na hirizi (enchantment) vyote vya gharama ya moja kushuka chini, na mana nne zinafika gharama ya mbili. Hatimaye fagio linalolingana na uchafu uliopo. Lakini nimebakiza Supreme Verdict moja, kwa sababu Murktide Regent ana gharama ya saba iliyoandikwa hata kama mwenye naye alilipa mbili, na kumfikia kwa Wrath ni ndoto.

Kuna jambo jingine ambalo 2018 halikunisumbua sana, nalo ni tofauti ya kuua, kunakompeleka kiumbe kaburini (rundo la karata zilizokwisha kazi), na kufukuza, kunakomwondoa mchezoni kabisa. Phlage, Titan of Fire's Fury akichezwa kwa mana tatu anakuchoma pointi tatu, anamwongezea bwana wake uhai wa tatu, kisha anajipeleka kaburini. Ukimzima kwa Counterspell umeokoa zile tatu, ila amefika kaburini vilevile, na huko ndiko anakotaka kwenda, kwani atatoka tena kwa mana nne mpinzani akiwa na karata nyingine tano za kuondoa kaburini humo. Dhidi ya viumbe wa aina hii Supreme Verdict ni kuahirisha kesi. Path to Exile na Solitude ndizo zinazoifunga. Rest in Peace iko benchi (karata za akiba za kubadilisha kati ya michezo) kwa ajili hiyo, na ndiyo iliyommaliza Snapcaster Mage kabisa, maana yeye anaishi kwa kusoma karata za kaburini na mimi nilikuwa nalifuta kaburi hilo kwa mkono wangu. Nimemtoa. Benchi lililobaki sina mengi ya kusema juu yake, isipokuwa Consign to Memory: kwa mana moja inazima karata zisizo na rangi, na dhidi ya deki za Eldrazi sijaona nafuu kama hiyo.

Sasa ardhi. Hapa ndipo nagombana na karibu kila mtu. Deki ikishakuwa nyepesi, kishawishi cha kwanza ni kupunguza ardhi ili kupata nafasi ya vitu vitamu. Nilikuwa na 25, nikaambiwa nishuke hadi 23 au 24. Nimepanda hadi 26. Ukiwa na 26 kati ya karata 60 na umeanza wewe, uwezekano wa kuwa umeona angalau ardhi nne kufikia zamu ya nne ni kama asilimia 72. Ukiwa na 24 ni 63. Deki ya udhibiti haitaki kucheza karata moja kila zamu na kupumzika, inataka kumweka Teferi wa mana tatu huku mana mbili za Counterspell zikiwa wazi, na hiyo ni tano. Mwenye deki ya kasi akikosa ardhi ya nne anaweza kushinda hivyo hivyo. Mimi nikiikosa nimekwisha. Kilichobadilika ni aina ya ardhi tu. Celestial Colonnade tatu zimetoka, na Meticulous Archive imeingia, kwa kuwa Flooded Strand inaweza kuitafuta mwisho wa zamu ya mpinzani, nikachungulia karata ya juu na kuitupa kama haifai. Kuingia kwake ikiwa imelala hakuniumizi wakati ule.

Kuhusu namna ya kushinda, wapo wanaoona fahari kumaliza kwa Teferi wa mana tano anayejirudisha mwenyewe kwenye kitita hadi mpinzani aishiwe karata. Ni jambo la kupendeza kulitazama mara moja. Raundi ina dakika 50, sare inakupa pointi moja na ushindi tatu, na ukishatoka sare mara mbili siku yako ya mashindano imekwisha ingawa hujafungwa na mtu. Solitude aliyelipiwa mana zake tano anapiga tatu kila zamu na kukuongezea uhai. Siku hizi wengi nawamaliza hivyo, bila mbwembwe.

Imebaki Cryptic Command moja. Kwa hesabu zangu mwenyewe haistahili kuwemo, na ungeniletea deki yako ikiwa nayo ningekuambia uitoe. Jana nilikaa nayo mkononi kuanzia zamu ya kwanza hadi ya saba bila kupata mwanya wa kuicheza. Zamu ya nane nikaizima karata ya mwisho ya mpinzani, nikavuta, akaja Teferi. Usiniulize kama hiyo ni hoja. Bado imo.