Miaka Mitatu Kituoni: Faida na Hasara za Kuwahamisha Wanadiplomasia

Wizara nyingi za mambo ya nje huwahamisha maofisa wa balozi zao kila baada ya miaka mitatu au minne, na hoja za kufanya hivyo si za kubezwa. Mwanadiplomasia anayekaa mno katika nchi moja huanza kuitazama dunia kwa macho ya wenyeji wake, hata akitumwa kufikisha ujumbe mkali akaulainisha njiani. Lipo pia suala la haki: kuna vituo vya raha na vituo vya hatari, na pasipo zamu, wenye wa kuwasemea wangebaki kwenye vya raha hadi kustaafu.

Pamoja na hayo, naona utaratibu huu unairahisishia kazi idara ya utumishi kuliko unavyoisaidia diplomasia yenyewe. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 kuhusu Uhusiano wa Kidiplomasia unautaka ubalozi, pamoja na mengine, ulinde maslahi ya nchi na raia wake, ufanye majadiliano na ufuatilie hali ya nchi mwenyeji kwa njia halali, kazi ambazo hazifanyiki vyema na mtu asiyefahamika. Mwaka wa kwanza huishia katika kujifunza lugha na kubaini nani hasa mwenye uamuzi. Wa tatu unapoingia, mawazo yameshahamia kituo kijacho. Anayempokea hukabidhiwa mafaili na orodha ya namba za simu, lakini ofisa wa serikali mwenyeji aliyekuwa akimjibu mtangulizi wake hata saa nne za usiku hana sababu ya kumjibu mgeni, na simu iliyokuwa ikipokelewa mara moja sasa inaita mpaka inakatika.

Anatoly Dobrynin alikuwa balozi wa Umoja wa Kisovieti mjini Washington kuanzia 1962 hadi 1986, akafanya kazi na marais sita wa Marekani. Kila utawala mpya ulimkuta akiwa na kumbukumbu ya yale yaliyozungumzwa na uliotangulia, jambo ambalo mtu wa miaka mitatu hawezi kuwa nalo. Lakini ukaribu peke yake hautoshi. Wakati wa mgogoro wa makombora ya Kuba mwaka 1962, serikali yake haikuwa imemwarifu kwamba makombora hayo yamepelekwa huko, ingawa ni yeye huyo aliyekutana na Robert Kennedy, ndugu wa rais wa Marekani na mwanasheria mkuu wake, usiku wa tarehe 27 Oktoba kutafuta suluhu.

Kwangu mimi, mfano wa kufuatwa ni wa George Kennan, mwanadiplomasia wa Marekani. Alifundishwa Kirusi na wizara yake, akahudumu Moscow kuanzia 1933 hadi 1937, akapelekwa kwingine, Prague na Berlin zikiwemo, kisha akarudi Moscow mwaka 1944. Telegramu yake ndefu ya Februari 1946, iliyoathiri sera ya Marekani kwa miaka mingi, iliandikwa na mtu aliyeijua nchi ile, akaiacha, akairudia. Hapo hofu ya kutekwa kimawazo na wenyeji inapungua bila ujuzi kutupwa. Kweli, aliporudi kama balozi mwaka 1952 alitangazwa kuwa hatakiwi baada ya miezi michache, kwa maneno aliyoyasema Berlin, lakini hilo lilikuwa kosa la ulimi, si la ujuzi.

Familia nazo zina haki ya kuhesabiwa. Mara nyingi mwenzi wa ofisa hawezi kuajiriwa mpaka nchi mbili zikubaliane, na mtoto anaweza kufikisha miaka kumi akiwa katika shule ya tatu, anajifunza lugha ya tatu, na chumbani mwake kuna maboksi ambayo hayakufunguliwa tangu uhamisho uliopita. Kumzungusha ofisa ndani ya eneo la lugha moja, kwa vipindi vya miaka mitano, kungewapunguzia mzigo huu. Vituo vya vita tu ndivyo ningeviacha vibaki na zamu fupi, maana huko ofisa huenda bila familia yake, na uchovu huharibu uamuzi kabla ujuzi haujakomaa.