Mbwa Wangu na Mbuzi Katoliki

Daktari aliniambia nitembee kila jioni, angalau nusu saa. Hakuniambia nitembee kuelekea wapi. Hiyo ndiyo hoja yangu, nimeitoa nyumbani mara nyingi na hadi leo sijapata wa kuniunga mkono.

Presha ilikuwa imepanda. Mama Neema alilipokea agizo la daktari kwa furaha kuliko mgonjwa mwenyewe. Akaninunulia raba nyeupe, akasema nitoke na Bosco ili tuchungane. Bosco ni koko halisi wa Kimara, sikio moja limesimama, jingine limekata tamaa. Hajasomea chochote. Lakini komeo la geti analifungua kwa pua, ndoo ya maji ya kumwogeshea ikiguswa tu tayari yuko uvunguni mwa gari, na siku bwana mifugo anapokuja na chanjo ya kichaa, Bosco anakuwa mbwa wa jirani.

Sasa ielewe nyumba yangu. Mke wangu ni Mpare wa Same, Msabato wa kuzaliwa. Usabato uliingia nchini mwaka 1903 kupitia hukohuko Upare ya Kusini, na ukoo wa mke wangu wanausimulia ujio huo utadhani wao ndio waliopokea mizigo. Mimi ni Mkatoliki. Wakati wa uchumba tulikubaliana kila mtu abaki na kanisa lake, jiko liwe moja. Jiko likawa la Kisabato. Nguruwe kwangu haingii hata kwenye daftari la watoto la kuchorea.

Na ukishuka bondeni ukavuka kalvati, kuna banda la mabati lenye meza za plastiki na karai kubwa jeusi. Kitimoto ya pale inakaangwa kavu, inakatwa mbele yako juu ya gogo, inaletwa na ndizi, kachumbari na kipande cha ndimu. Mimi natembea, kama alivyosema daktari. Nikifika pale napumzika. Mtu wa presha hatakiwi kujichosha.

Bosco alikuwa anapumzika chini ya meza na mifupa yake.

Haikupita wiki akawa ameishika ratiba yote. Viatu vyangu vya kanisani nikivivaa, hainui hata kichwa. Kandambili, vilevile. Ila ile raba nyeupe nikiigusa tu, anasimama getini, mkia unapiga bati hadi jirani anauliza nani anagonga. Kuna siku nilichelewa kutoka kazini nikamkuta amelala sebuleni, kidevu kakiweka juu ya raba ya kushoto, macho kwenye saa ya ukutani. Najua mbwa hasomi saa. Nasimulia nilichokiona.

Mpwa wangu anasoma udaktari wa mifugo pale SUA, Morogoro, na akija likizo hatuli kwa raha, kila tonge na somo lake. Yeye ndiye aliyetueleza habari za Chaser, mbwa wa Marekani aliyefundishwa na mzee John Pilley majina ya vitu vya kuchezea 1,022, kila kimoja kwa jina lake. Mimi nina wajomba ambao majina yao yananipotea. Akatueleza pia habari za Hans, farasi wa Berlin wa miaka ya 1900, aliyekuwa akijibu hesabu kwa kugonga kwato. Watu walimsujudia, hadi mwaka 1907 mtafiti Oskar Pfungst alipoonyesha kwamba farasi hajui hata moja jumlisha moja. Alikuwa anamtazama muulizaji, akiona mwili umelegea kidogo baada ya jibu sahihi kufika, anaacha kugonga.

“Anko,” mpwa akamalizia, “hawa wanyama hawasomi mawazo. Wanasoma mwili. Huyu Bosco anakujua kuliko shangazi anavyokujua.”

Mama Neema akacheka. Mimi nikaomba chumvi.

Basi mama mkwe akaja kutoka Same kutibiwa magoti. Naye akaambiwa atembee. Madaktari wa mji huu nadhani wana dawa moja. Jumapili moja alasiri Mama Neema alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, mimi nimesimama chini ya tenki namsimamia fundi bomba, maana fundi wa namna ile ukigeuka tu bei inapanda. Mama mkwe akatokea mlangoni amevaa kitenge, sweta, na raba ya Mama Neema. Nyeupe.

“Baba Neema, wewe endelea na fundi. Mimi nanyoosha miguu kidogo na huyu mbwa. Si anaijua njia yenu ya mazoezi?”

Nilitaka kusema neno. Bomba likapasuka, maji yakanipiga kifuani, na nilipofuta macho geti lilikuwa wazi.

Baada ya kama nusu saa simu ikaita. Mama mkwe huongea kwenye simu kana kwamba anapiga kelele mwenyewe kutoka Same, kwa hiyo fundi naye alisikia yote.

“Mwanangu, huyu mbwa ana akili! Kanivuta moja kwa moja hadi mahali pazuri, magoti yalipoanza kunikaza akakaa chini ya meza, kijana akaniletea kiti! Wananifahamu hapa, wananiita mama yake Bosco!”

Nikauliza, sauti imekauka, mahali gani.

“Sijui panaitwaje. Wana nyama. Nimeagiza robo ya mbuzi, na soda. Wanaiita mbuzi katoliki, nadhani mwenye mbuzi ndiye Mkatoliki. Nikaona si neno, mbuzi ni mbuzi.”

Fundi aliangusha spana. Alikuwa anacheka amejishika kwenye nguzo ya tenki.

Sikumbuki nilivyofika barabarani. Nakumbuka bodaboda akiniuliza kama kuna msiba, nikamwambia bado. Njiani nikawa napanga la kusema. Nikimwambia asile, ataniuliza nimejuaje. Nikinyamaza, nimemlisha nguruwe mama aliyeshika amri tangu utotoni, na hilo, pamoja na upenzi wangu wote wa kitimoto, siwezi. Tulivuka kalvati sijapata sentensi.

Nikamwona. Amekaa kwenye meza yangu. Kwenye kiti changu. Sahani imeshafika, moshi unapanda, ameshanawa na sasa anafumba macho kuombea chakula. Bosco yuko chini, kidevu juu ya raba yake, mtoto mtakatifu.

Kabla sijafungua mdomo, mhudumu akaniona.

“Bosi! Nilijua tu uko nyuma, maana Bosco ametangulia! Tukukatie kavu ya siku zote?”

Mama mkwe akafumbua macho, akanigeukia. Mhudumu alikuwa ananitazama mimi. Mkata nyama naye kanyanyua kisu ananipungia. Kwa sekunde ile moja hapakuwa na jicho juu ya sahani. Kuna mtafiti anaitwa Juliane Kaminski aliyewajaribu mbwa 84, akakuta wanaiba zaidi chumba kikiwa na giza, maana wanajua wakati mtu haoni. Bosco hakuhitaji giza. Miguu miwili ya mbele kwenye kiti cha plastiki, shingo ikarefuka, na robo kilo yote ikaondoka. Zilibaki ndizi, na ndimu, na kipande kimoja chenye pilipili nyingi ambacho alikinusa akakiacha kwa heshima.

“Mwizi!” mama mkwe akapiga kelele. “Mbuzi wangu!”

“Usijali, bibi,” mhudumu akamtuliza, kijana mwema, hana baya moyoni. “Tutakupimia nyingine. Huyo kitimoto ndiyo ugonjwa wake.”

“Umesema nini?”

“Kitimoto, bibi. Si ndiyo mbuzi katoliki?”

Mama mkwe aliuweka uma mezani taratibu. Akaomba maji ya kunawa tena, ingawa alikuwa amegusa kachumbari tu. Akanawa hadi viwiko. Akajifuta. Magoti yake, ambayo tulikuwa tunachangia fedha za kuyatibu, yalimsimamisha bila msaada.

“Baba Neema. Kijana amesema kavu ya siku zote. Siku zote ni siku zipi?”

Nikamjibu kwa unyenyekevu wote nilioweza kuukusanya. “Isipokuwa Jumamosi, mama. Sabato naiheshimu.”

Kesi ilisikilizwa usiku ule sebuleni. Mama Neema alikuja bado na sauti ya kwaya, akaipandisha. Bosco alilala katikati ya zulia, masikio chini, jicho moja linachungulia. “Mtazameni!” Mama Neema akasema. “Hata mbwa anaona aibu, ila wewe huna!”

Hapo nikaona mwanya. Nikampigia mpwa wangu, nikaweka simu kwenye spika, nikamwambia aieleze familia ile habari ya sura ya aibu. Kijana hajawahi kunikatalia somo. Akasema mwaka 2009 Alexandra Horowitz wa New York aliwajaribu mbwa: wengine walikula walichokatazwa, wengine hawakula, na wenye mbwa wakadanganywa nani kala. Ile sura ya aibu haikufuata kosa, ilifuata ukali wa mwenye mbwa. Tena wasio na hatia wakikaripiwa ndio waliojikunyata zaidi.

“Kwa hiyo,” nikasema, “kujikunyata si ushahidi.”

Mama mkwe alitafakari. Mpare haachi kesi njiani, lakini pia hamuonei shahidi. “Sawa,” akasema. “Mbwa ameachiwa huru. Tuendelee na mshtakiwa wa pili.”

Mpwa alikata simu.

Kwa hiyo siku hizi natembea na walinzi. Mama mkwe aliahirisha safari ya kurudi Same, na kila jioni anatutoa wote wawili, mimi na Bosco, njia ya kupanda kuelekea kanisani kwao. Tukifika njia panda ya kwenda bondeni, Bosco anaanza kuchechemea. Mguu wa nyuma, wa kulia, anauinua hewani na kunitazama. Siku moja alijisahau akachechemea wa kushoto. Mama mkwe humsubiri amalize, kisha anasema, “Haya, twende.”

Lakini Ijumaa iliyopita mhudumu wa bondeni alipiga hodi nyumbani na mfuko mweusi. Mate yalinijaa nikiwa bado kwenye kochi. Ulikuwa mfuko wa mifupa, na si wangu. Wa Bosco, umeshalipiwa, akasema, na kila Ijumaa utakuja mwingine.

Mama mkwe ndiye aliyeupokea, kwa vidole viwili. Akaumwaga kwenye bakuli la mbwa kule nyuma, akasimama kumwangalia anavyotafuna. Nikamuuliza, kwa adabu, imekuwaje tena.

“Aliniokoa,” akasema. “Na Walawi 11 haikuandikiwa mbwa. Nenda kale mchicha wako, unapoa.”