Bendi ilipokuwa mali ya Jiji

Kila msimu wa bajeti za halmashauri hapa Dar es Salaam, mtu akithubutu kutaja sanaa hujibiwa kwa neno moja: mitaro. Mitaro imeziba, Jangwani panajaa maji kila masika, kuna madarasa watoto wanabanana watatu kwenye dawati, halafu wewe unataka fedha za wapiga ngoma? Ni jibu gumu kulipinga kwa sababu ni la kweli. Na anayelitoa wala hana ugomvi na muziki. Jumamosi utamkuta mbele kabisa ukumbini, leso mkononi, anamtunza mwimbaji.

Tatizo langu na jibu hilo ni kwamba linachukulia kuwa Jiji likisaidia sanaa maana yake linagawa fedha. Bahasha kwa wasanii, tamasha la siku tatu, mabango yenye picha ya mgeni rasmi. Kama msaada ni huo, mimi mwenyewe napiga kura kwa mitaro. Lakini Dar es Salaam iliwahi kufanya jambo la namna nyingine kabisa, na jina lake tunalitamka mpaka leo bila kusikiliza tunachosema. DDC Mlimani Park Orchestra. Hiyo DDC ya mbele lilikuwa shirika la maendeleo la Jiji, lenye kumbi zake Kariakoo na Magomeni Kondoa. Bendi hiyo, tunayoiita Sikinde, Ngoma ya Ukae, ilikuwa mali ya Jiji.

Haikuanza hivyo. Bendi iliundwa mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, TTTS, ikapata jina kutoka baa ya Mlimani Park. Kampuni ilipofilisika mwaka 1983, bendi ingeweza kuishia pale pale, vyombo vikapigwa mnada kama viti na meza. DDC wakaichukua. Hapakuwa na ajabu kwa wakati ule, maana karibu kila taasisi ilikuwa na bendi: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi tangu 1964, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Bima Lee ya Shirika la Bima, Polisi, JKT. DDC pia walikuwa na kundi la ngoma, Kibisa. Ila fedha na kumbi za DDC zilikuwa za Jiji, si za wizara wala chama.

Mpango wenyewe haukuwa na mapambo. Mwanamuziki ni mwajiriwa, ana mshahara. Magitaa, ngoma, tarumbeta, saksafoni na spika ni mali ya mwajiri. Ukumbi ni wa mwajiri. Mlangoni watu wanalipa kiingilio, baa inauza bia, na hapo shirika linarudisha gharama zake. Tuwe wakweli, hii haikuwa hisani. Lilikuwa shirika la biashara lililojua kwamba bendi nzuri inauza vinywaji.

Nataka nikae kidogo hapo kwenye vyombo na ukumbi, kwa sababu nadhani ndipo siri ilipo, na ndipo wanaotetea sanaa leo wanapokosea wanapodai fedha badala ya mahali. Sikiliza wimbo wowote wa dansi wa miaka ile. Unaanza taratibu, mwimbaji anasimulia kisa chake, wa nyuma wanaitikia, gitaa la solo linapenya kati ya mistari bila kumkanyaga mtu. Kisha inaingia chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezea. Besi inabadilika, magitaa mawili yanasukana kama ukili wa mkeka, tarumbeta zinadokoa, zinanyamaza, zinarudi zote kwa pumzi moja. Kile kunyamaza ndicho kigumu. Watu zaidi ya kumi wananyamaza nusu sekunde na kurudi pamoja, na hakuna aliyehesabu kwa sauti. Huwezi kulipata hilo kwa watu waliokutana saa kumi jioni ya siku ya shoo. Linapatikana kwa watu wanaoonana mchana baada ya mchana, mahali pamoja, vyombo vikiwepo, na hakuna anayeangalia saa kwa sababu chumba kimekodiwa kwa saa.

Na pale kwenye mazoezi ndipo kijana aliyebeba spika alipojifunza gitaa. Hakulipa ada. Alikaa karibu na mtu kama Michael Enoch, kiongozi wa bendi, akatazama vidole. Shule nyingine ya dansi jijini haikuwepo.

Sasa wanaosema Jiji likae mbali na sanaa wana hoja nne au tano, na zote si za kupuuza. Iliyo nzito kuliko zote ni Bongo Fleva. Muziki uliovuka mipaka ya nchi hii kuliko wowote uliotangulia ulizaliwa miaka ya 1990, soko lilipofunguliwa na redio binafsi zikaingia, na hakuna halmashauri iliyotoa hata shilingi. Vijana walirekodi kwenye studio za vyumbani, wakajiuza wenyewe, wakajenga majumba. Ukimwambia mtoto wa Tandale kwamba sanaa haiwezi kusimama bila Manispaa, atakucheka, na ana haki.

Rudi nyuma zaidi, hoja inapata nguvu. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, serikali ikiwa ya mkoloni. Klabu za dansi za zamani zilijiendesha kwa michango ya wanachama, zikanunua vyombo vyao, zikapanga vyumba vyao. Kabla yake kulikuwa na beni, ngoma za kuiga gwaride. Mji huu ulijua kujichangia kabla haujajua kusubiri.

Halafu kuna mwaka 1985. Miaka miwili baada ya DDC kuiokoa bendi, mfanyabiashara Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, aliwachukua wanamuziki sita kwa mpigo, wakiwemo Muhiddin Maalim Gurumo, Hassan Bitchuka na Abel Balthazar. Fedha binafsi iliifanya mali ya Jiji ionekane duka lisilo na kufuli. Waliobaki walilazimika kujipanga upya. Anayependa soko atakuambia hapo ndipo ukweli ulipojulikana: waliolelewa na umma walikwenda kwenye malipo bora. Nami sitawalaumu. Waliokuwa wanaondoka waliondoka mikono mitupu, maana gitaa lilikuwa la mwajiri, na hilo ni doa la mpango ule ambalo wapenzi wa zamani tunalipitia haraka. Vyombo vilikuwa hifadhi, na vilikuwa pia kamba mguuni.

Ila tazama kilichofuata. Ndekule, kama ilivyojulikana bendi hiyo ya Kisima, ilivuma, kisha ikavunjika. Mwenye mali alikuwa mmoja, na uhai wa bendi ulining'inia kwenye hesabu zake. Sikinde ilijaza nafasi zilizoachwa, Bitchuka akarudi baadaye, na karne hii tumeiona ikipambanishwa na Msondo, iliyotokana na NUTA Jazz, jukwaa moja, mashabiki wakizozana kama Simba na Yanga. Sisemi umma ni bora kuliko mtu binafsi. Nasema mtu binafsi alijenga juu ya msingi ambao hakuuchimba. Alinyakua sita waliokwisha kuiva.

Hata Bongo Fleva, nikiitazama kwa jicho hilohilo, hainitishi sana. Ilithibitisha kwamba wimbo hauhitaji Jiji. Mtu mmoja, kompyuta moja, kipaza sauti kimoja, kazi imekwisha. Isichothibitisha ni kwamba bendi haihitaji mahali. Ndiyo maana kwa miaka mingi tamasha zetu kubwa zimejaa wasanii wanaoimba juu ya pleibeki, na anayetaka kupanda na wanamuziki kamili anawatafuta haohao wachache wanaozunguka kwenye bendi zote za mahotelini. Mpiga saksafoni unayemwona Ijumaa Masaki ndiye huyohuyo wa harusi ya Jumamosi Sinza. Tulipata utajiri wa sauti, tukafilisika wapiga vyombo. Wengi wanaweza kuishi vizuri ndani ya ukweli huo bila kuona kasoro yoyote. Mimi naiona kila ninaposimama karibu na jukwaa.

Hoja ya siasa siipuuzi, ingawa sitakaa nayo. Mwenye ukumbi anaweza kuufunga. Mwishoni mwa mwaka 1969 mkuu wa mkoa alipiga marufuku muziki wa soul jijini, na vijana wa Dar wakajua kuwa serikali inayopenda utamaduni huwa na maoni pia kuhusu suruali na nyimbo. Mwaka 1992, vyama vingi vilipoingia, chama tawala kilijiundia kikundi chake cha sanaa, TOT. Bendi za taasisi ziliimba sifa za wenye taasisi, na nyingine ni nyimbo nzuri, lakini sifa ni sifa. Na kelele? Bibi aliyekosa usingizi siku tatu kwa sababu ya kigodoro cha jirani hahitaji mhadhara wa utamaduni. Kwake napendekeza ukumbi wenye kuta, tena ndiyo sababu nyingine ya kuwa nao.

Turudi kwenye fedha, maana hapo ndipo halmashauri husema tayari zimefanya. Kwa sheria kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu ulisimamishwa mwaka 2023, ukarudi mwaka 2024. Kikundi cha sanaa kikisajiliwa kinaweza kuomba. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa wa taifa nao hukopesha wasanii kupitia benki. Kwa hiyo, tunaambiwa, msaada upo.

Upo, lakini ni mkopo. Nimeigeuza hesabu hii mara nyingi na kila mara nafika palepale. Kikundi cha vijana kikikopa na kununua bodaboda, chombo kinaingiza fedha siku hiyohiyo, na marejesho yanatoka kwenye tangi la mafuta, tuseme. Kikundi kikikopa na kununua tarumbeta, kinapata kitu ambacho kwa mwaka mzima hakitatoa sauti ya kumfanya mtu alipe kiingilio. Midomo inahitaji miezi, na marejesho hayasubiri midomo. Kwa hiyo mwenye akili atakopea spika za kukodisha kwenye misiba na harusi, na hivyo ndivyo wengi wanavyofanya. Kwenye karatasi halmashauri imekopesha kikundi cha sanaa. Mtaani imeongeza spika. Siwalaumu, ni biashara halali, ila tusiite jambo hilo kukuza muziki.

Kinachotakiwa, naona, ni cha bei ndogo kuliko asilimia yoyote, na kwa kuwa ni kidogo hakimpendezi mwanasiasa: saa za ukumbi. Halmashauri zetu zina kumbi, zina shule zenye madarasa yaliyo tupu kuanzia jioni. Ukumbi wa Anatoglo pale Mnazi Mmoja, jumba lililotokana na fedha za mfanyabiashara wa Kigiriki enzi za mkoloni, ulikuwa na dansi tangu miaka ya 1950. Saa nne za mchana, siku ambazo hakuna mkutano wala harusi, gharama yake ni umeme na mlinzi. Stoo moja yenye kufuli la kutunzia ngoma na spika. Hakuna mtaro utakaobaki umeziba kwa sababu hiyo.

Najua kitakachotokea. Mpwa wa diwani atapata saa zote, na wengine wataambiwa warudi Jumatatu. Ratiba ibandikwe mlangoni, kila mtu aione, na bado mpwa atapata saa mbili. Naweza kuishi na hilo. Sasa hivi waliobeba mzigo huo ni wageni na fedha zao: Alliance Française, kituo cha utamaduni cha Kifaransa pale Upanga, na Nafasi Art Space, kituo cha wasanii kilichojitahidi tangu 2008 kule Mikocheni na kwa miaka mingi kikiegemea fedha za balozi na wafadhili. Wamefanya kazi kubwa. Lakini sera ikibadilika Ulaya, mpiga zeze wa Mikocheni anakosa pa kukaa. Wazee wetu walisema mcheza kwao hutunzwa, na siku hizi wa kwao anatunzwa na balozi.

Mwezi uliopita nilikwenda kutazama kikundi kimoja cha tarumbeta Temeke, kile cha kutembea mbele ya magari ya harusi. Wanafanya mazoezi nyuma ya shule ya msingi, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, kwenye kivuli cha mwembe. Vijana tisa, tarumbeta nne, moja ikiwa na kitufe kilichoshikiliwa kwa mpira wa kufungia noti. Wanabadilishana. Anayesubiri zamu anabonyeza vidole hewani na kupuliza kimya kimya, mashavu yamejaa, macho kwa mwenzake. Walikuwa kwenye kipande kile cha kunyamaza na kurudi pamoja. Mara ya kwanza mmoja aliwahi. Mara ya pili wawili walichelewa, wakacheka. Mara ya nne ilikaribia sana, hata watoto waliokuwa wanapita na madumu ya maji walisimama.

Kengele ya mlinzi ikalia, saa kumi na mbili. Geti linafungwa. Wakafuta tarumbeta kwa kanga kuukuu, wakazitia kwenye mfuko wa sandarusi, na kiongozi wao akaniambia kwamba wiki ijayo hawatakuwepo: darasa la saba wanaingia kambi ya mitihani, na mwalimu mkuu ameomba ukimya.