Daktari bingwa wa akili afunzwe pia huku Arua

Sensa ya 2024 ilituhesabu watu karibu milioni 46. Madaktari bingwa wa magonjwa ya akili Uganda nzima hawafiki mia, na wengi wao wako Kampala na kandokando yake. Tukilalamika, tunaambiwa tusubiri bajeti. Kwa maoni yangu, bajeti ni nusu tu ya tatizo. Nusu nyingine ni namna wanavyofunzwa.

Ubingwa huu huchukua miaka mitatu, katika Chuo Kikuu cha Makerere au cha Mbarara. Anayesomea Makerere hushinda katika hospitali za Mulago na Butabika, Kampala, penye wakufunzi na wenzake wa kuwauliza. Akishafuzu anapangiwa mkoani, karibu kilomita 500 kutoka hapo, na bingwa ni yeye peke yake. Huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa nchi, ulipo mji wetu wa Arua, atakuta kliniki imejaa wagonjwa wa kifafa, wakimbizi wa Sudan Kusini waliopitia vita, na ndugu wanaoeleza maradhi kupitia mkalimani. Kazi yenyewe inabebwa na maafisa tabibu wa afya ya akili, ambao yeye hakufunzwa kuwasimamia. Nani atashangaa akirudi Kampala?

Madaktari wa upasuaji walishapata njia. Chuo chao cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa 1999, humfunza daktari akiwa kazini katika hospitali iliyokaguliwa, na mtihani ni mmoja kwa nchi zote wanachama. Sisi tuanze na mwaka mmoja tu kati ya ile mitatu: Arua, Gulu au Mbale, chini ya msimamizi. Tasnifu ipunguzwe uzito. Mtahini akae chumbani amwone daktari akizungumza na mgonjwa na mama yake.

Viwango navyo visiishie siku ya mahafali. Leseni ya kila mwaka hudai pointi za mafunzo endelevu, lakini kuhudhuria semina hakuonyeshi mtu anatibu vipi. Sheria ya Afya ya Akili ya 2018 inaruhusu mtu kulazwa bila ridhaa yake. Hayo ni mamlaka mazito mno kuachiwa mtu asiyekaguliwa. Nataka madaktari wenzake wafike kila mwaka, wafungue mafaili: nani alilazwa kwa nguvu, kwa siku ngapi, kwa dozi gani, na familia ilielezwa nini.

Na wanaosomea ubingwa walipwe. Wengi hujilipia karo huku wakizihudumia wodi zetu usiku na mchana.